Hema Halifii Porini, Linafia Stoo

Maneno haya niliyasema Kasese, magharibi mwa Uganda, mbele ya watunza kambi, madereva, waongoza watalii na walimu wachache wa skauti. Baadaye waliniomba niyaandike, nami nimeyaandika karibu kama yalivyotoka kinywani.

Wazee wangu, mama zangu, vijana wa kambi, na nyinyi maafande mliokaa kule nyuma karibu na mlango kama kawaida yenu, habari za asubuhi.

Kabla sijasema lolote, pitisheni vitambaa hivi viwili. Kimoja nimekifunga uzi mwekundu, kingine uzi mweupe. Vishikeni, vivuteni, vinuseni. Msione haya kunusa, maana nusu ya kazi yangu ni pua. Wewe kijana wa mbele mwenye mabega, hebu kivute hicho cha uzi mwekundu kwa mikono miwili. Haya. Mmesikia? Kimeachia kama gazeti la kufungia rolex, ile chapati ya mayai. Sasa vuta cha uzi mweupe. Vuta tena. Kaza! Basi kiache, utajiumiza bure.

Vitambaa hivyo ni ndugu. Nimevikata kwenye mahema mawili yaliyonunuliwa siku moja, yakasimamishwa kambi moja, yakapigwa na mvua ile ile na jua lile lile kwa miaka minne. Mwaka wa nne, lile la uzi mwekundu lilikunjwa likiwa bichi, likafungwa, likasukumwa kwenye kona ya stoo, na likasahauliwa tangu Septemba mpaka watu walipokumbuka kuwa kuna wageni wa Krismasi. Basi. Hakuna tembo aliyelikanyaga wala nyani aliyelirarua. Ndiyo maana nasema hema halifii porini, linafia stoo.

Mimi ni fundi cherehani. Nilianza na sare za shule, nikashona na magauni ya gomesi, mpaka siku dereva mmoja alipoingia dukani na mzigo mabegani akauliza, "Mama, hii unaweza?" Nikasema naweza, ingawa sikuwa na hakika. Sasa ni miaka 22. Mahema yananijia kutoka hapa kwenye hifadhi ya Queen Elizabeth, kutoka Bwindi, Ziwa Mburo, mpaka Kidepo kule kaskazini. Nikifungua mzigo, kabla sijaona lebo, nakwambia umetoka wapi. La Bwindi linanuka uyoga. La Kidepo ni kavu, limepauka, likikung'utwa linatoa vumbi kama gunia la unga. La Entebbe ufukweni lina sami, wale wadudu wadogo wa ziwani, wamekufa kwa maelfu kwenye mishono, na harufu yake ni ya samaki aliyesahauliwa juani.

Tuelewane kwanza kuhusu kitambaa. Sizungumzii lile la plastiki la bluu ambalo watu wa Kampala huliita tundubali na kufunikia mahindi. Jina lao limetoka kwetu, lakini kitu si kile. Nazungumzia turubai la pamba, au pamba iliyochanganywa na polyesta, kitambaa kizito kinachopimwa kwa uzito wa mita moja ya mraba. Cha gramu 300 ni chepesi. Cha gramu 400 au 500 ndicho cha mahema yanayokaa msimu mzima. Tuseme hema lako lina mita 40 za mraba za kitambaa cha gramu 400. Hizo ni kilo 16 za pamba kavu, bado hujahesabu sakafu, nguzo na kamba. Likilowa, vijana wawili hulibeba kwa matusi.

Pamba ina tabia moja ambayo plastiki haina: ikilowa, inavimba. Nyuzi zinanenepa, vitundu vilivyo kati yake vinajifunga. Dawa ya kiwandani inafanya nusu ya kazi ya kuzuia maji, na uvimbe huo unafanya nusu nyingine. Ndiyo maana hema jipya huweza kuvuja mvua ya kwanza, hasa kwenye mishono, na mimi napigiwa simu saa tano usiku: "Mama, tumeuziwa bovu." Si bovu, halijanywa maji tu. Hema jipya lisimamishe uani, limwagie maji kwa mpira mpaka lilowe lote, liache likauke kabisa, kisha rudia mara mbili au tatu. Uzi wa mshono nao unavimba na kuziba matundu ya sindano. Fanya hivyo kabla mgeni hajalala ndani, si akiwa ndani.

Na mvua ikinyesha, usiguse turubai kwa ndani. Watoto wa skauti wanapenda sana mchezo huo, kuchora kwa kidole kwenye dari. Kidole kinayavuta maji ya juu yapite, na pale ulipogusa patadondoka mpaka asubuhi. Walimu, mnanisikia.

Sasa nije kwenye usafi, na hapa nitawaudhi baadhi yenu.

Sisi watu wa huku tunapenda usafi. Mfanyakazi wa kambi akiambiwa asafishe hema, anachukua beseni, sabuni ya unga na brashi ya kufulia jinzi, anaingia vitani. Anasugua mpaka povu linafika kwenye viwiko. Mwenye kambi anapita, anaona linang'aa, anampongeza. Mimi nikiona picha hiyo moyo unaniuma. Kazi ya sabuni ni kuyasaidia maji yaingie kwenye kitambaa, na kazi ya hema ni kuyazuia yasiingie. Ukiwakutanisha hao wawili, mnadhani nani atashinda? Sabuni inaondoa ile dawa ya kiwandani, na isiposuuzwa vizuri inabaki kwenye nyuzi ikiyakaribisha maji kila mvua inaponyesha. Umelipa mtu mshahara akuharibie hema kwa bidii.

Kuna kambi moja, siitaji, ilipakia mahema sita kwenye pikapu ikayapeleka mahali pa kuoshea magari. Yakatandazwa kwenye sementi, yakapigwa kwa ile mashine ya presha. Yalirudi meupe kama kanzu ya Idi. Mvua ya kwanza wageni walihamia kwenye magari. Waliponiletea, niliona presha ilikuwa imefungua mishono na kuzifumua nyuzi mpaka kitambaa kikawa na manyoya kama taulo. Dawa ilikuwa imekwenda na maji kwenye mtaro. Mashine ya kufulia nguo ni vilevile, hata ile kubwa ya hoteli. Hema halizungushwi.

Basi hema linasafishwaje? Likiwa limesimama, tena kavu. Kwanza unalikung'uta na kulipiga brashi laini, nje na ndani, kwenye pembe ambako nyasi na wadudu hujificha. Kazi kubwa inaishia hapo, nawaambia kweli. Kinachobaki unakipitia kwa sponji na maji baridi, maji matupu. Doa la mafuta ya chapati likikataa, chukua kipande kidogo cha sabuni ya mche, sugua doa lenyewe tu, suuza mpaka maji yatoke bila povu hata kidogo, na uweke alama mahali hapo, kwa sababu umeondoa dawa na utapaswa kuirudishia.

Tope lina siri yake, na siri hiyo ni subira. Udongo wetu mwekundu wa barabarani una kutu ya chuma ndani yake, ndiyo inayoupa rangi, na chembe zake ni ndogo sana. Ukilisugua tope likiwa bichi unazisukuma zile chembe ndani ya pamba. Umetia rangi, hujasafisha. Liache likauke, lipasuke, kisha lipige brashi. Litatoka lenyewe kama ukoko wa uji. Mavi ya ndege nayo ni hivyo hivyo, yakauke, uyakwangue kwa kijiti na si kwa kisu, kisha sponji. Ila usiyaache wiki, maana yanakula kitambaa. Na kama kambi yako iko chini ya mti wanaolala kaloli, wale korongo wenye upara na mfuko shingoni, mimi sina dawa. Hamisha hema.

Ulimbo wa fenesi, au utomvu wa mti wowote, usiuguse mchana ukiwa laini. Ngoja alfajiri, ukiwa umekazwa na baridi, uutoe vipande vipande. Najua madereva mnapenda kutoa kila kitu kwa petroli. Petroli inatoa ulimbo, ndiyo, na inatoa dawa ya hema pamoja nao, halafu mtu anakuja kuwasha taa hapo jirani. Acheni.

Nirudi kwa adui mkubwa. Ukungu.

Ukungu unataka vitu vitatu: chakula, maji na utulivu. Chakula ni pamba yenyewe, pamoja na jasho, vumbi, maziwa yaliyomwagika, wale sami niliowataja. Maji unaupa wewe unapokunja hema bichi. Utulivu unapewa na stoo. Kwa joto letu hili unaweza kuanza ndani ya saa 24 hadi 48. Hauanzi kwa rangi, unaanza kwa harufu, kama chumba cha bibi kilichofungwa muda mrefu. Ukisikia harufu hiyo bado una nafasi. Ukiona vidoa vyeusi kama pilipili manga, umechelewa kwa upande wa sura, ingawa nguvu ya kitambaa bado inaweza kuokolewa. Ukishika kitambaa kikaachia, nenda katafute hema jingine.

Naomba nikiri la kwangu, msije mkadhani najifanya msafi. Mwaka wangu wa tatu kwenye kazi hii nilipokea mahema sita ya mteja mmoja. Nikashona, nikayaanika, nikapitisha kiganja juu yake, makavu. Nikayakunja, nikayapanga kwenye sakafu ya duka, nikapata habari za msiba, nikapanda basi kwenda Mbale. Nilikaa matangani wiki mbili na zaidi. Niliporudi, hata kabla sijafungua kufuli nilijua. Nilichosahau ni kwamba turubai hukauka usoni kwanza. Upindo wa chini, mishono ya pembe, na yale masikio ya mkanda yanayoshika vigingi, ambako kitambaa kimekunjwa mara tatu au nne, hukauka mwisho kabisa. Nilipima uso, sikupima upindo. Na sakafu ya sementi nayo ilikuwa ikipandisha unyevu kutoka chini. Mteja alinitazama tu, hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Nililipa kwa kuuza cherehani yangu ya pili.

Tangu siku hiyo napima upindo kwa shavu. Kiganja cha fundi ni kigumu, kinadanganya, lakini shavu halidanganyi: pamba yenye maji ina ubaridi hata kama haionekani kulowa. Mkinikuta dukani nimeegemeza uso kwenye hema msidhani nalia.

Kuna siku utalazimika kukunja bichi. Mvua inanyesha Ruhija, kule Bwindi, tangu alfajiri, wageni wana ndege Entebbe, ufanye nini? Kunja, hakuna anayekulaumu. Lakini usiligandamize sana, na ujue kuwa saa imeanza kuhesabu. Ukifika Kampala usiku, umechoka, gari lina joto ndani, ndipo hema linapooza. Litoe. Litandaze juu ya viti, kwenye kamba ya nguo, kwenye uzio, hata sebuleni kwa shemeji kama shemeji ni mtu mwema. Asubuhi lisimamishe jua likilitazama. Madereva wengi mnaniambia, "Nitalianika Jumamosi." Jumamosi ya nani?

Ukungu ukishaingia, litoe hema nje, vaa barakoa, piga brashi likiwa kavu, tena upepo ukutoe vumbi usoni, kwa sababu lile vumbi likiingia kifuani si zuri. Kisha chukua siki nyeupe, sehemu moja kwa sehemu nne za maji, ipitishe kwa sponji kwenye madoa, uache hema likauke juani. Harufu itakwisha, ukungu utasimama. Madoa meusi hayatoki. Yakubali kama mvi. Mwenye kambi asiyekubali mvi atakwambia utie jiki, na jiki itatoa doa kweli, itaila na pamba, na msimu ujao mahali palipokuwa na doa patakuwa na tundu.

Wengine hapa, nawajua kwa majina, mna imani na chumvi ya Katwe na maji ya ndimu. Mimi shangazi yangu alichimba chumvi Katwe miaka mingi, sina ugomvi na chumvi. Lakini mnajua gunia la chumvi linavyolowa lenyewe mvua inapokaribia. Chumvi huita maji. Ukiiacha kwenye nyuzi za hema, umeacha mwaliko wa kudumu mahali pale pale ulipokuwa ukitibu. Ndimu nzuri ni ya samaki.

Jua sasa. Mstari wa ikweta unapita hapo Kikorongo, mnapowasimamisha wageni kupiga picha kwenye lile duara. Jua la hapa linatujia wima, na pamba haipendi. Paa la hema huchoka kabla ya kuta. Likunje kwa vidole ulibane, kama linatoa sauti ya kukatika kama nyasi kavu, limekwisha. Kwa kambi ya kudumu, weka turubai la pili juu, au paa la nyasi kama lodji nyingi zinavyofanya, ili kile kinachochakaa kiwe cha bei rahisi. Kivuli cha mti ni kizuri kama ni mti unaokupa kivuli saa nane mchana lakini unaliacha jua la asubuhi likaushe umande. Chini ya mti mzito unaokaa na kiza siku nzima utakuwa umekimbia jua ukaangukia kwa ukungu. Na huku kwetu mnajua tofauti iliyopo: hapa Kasese mlima unatuzuilia mvua, unapanda kidogo tu na kila kitu kinatiririka. Hema lile lile, kilomita chache, magonjwa mawili.

Afande ameinua mkono. Anauliza, na haya mahema mepesi ya nailoni wanayobeba wapagazi kupanda Rwenzori? Afande, hayo ni kabila jingine. Yale hayavimbi, hayapumui vile, cheche ikiangukia yanayeyuka badala ya kuungua, na dawa yake ni tofauti. Yanafanana na haya kwa jambo moja tu: nayo hayataki kukunjwa yakiwa na maji. Mengine tutazungumza siku nyingine, leo nina kichwa cha pamba.

Kurudishia dawa. Mwagia hema maji kidogo. Yakikusanyika matone na kuteleza, liache, usilipake kitu kwa sababu tu una hela. Yakitandaa na kitambaa kikawa cheusi papo hapo, wakati wa dawa umefika. Ziko dawa za silikoni, ziko za nta iliyochanganywa na maji, maduka ya Kampala yanauza au yanakuagizia. Soma kopo, maana nyingine zinataka kitambaa kikavu na nyingine zinakubali chenye unyevunyevu. Jaribu kwanza kwenye kona isiyoonekana, kwa sababu nyingine zinabadilisha rangi. Paka nyembamba mara mbili kuliko nzito mara moja.

Mzee mmoja, mwanajeshi mstaafu aliyekuwa bwana stoo, alinifundisha njia ya zamani, na mimi napenda kuisimulia hata kama hamtaifanya. Wanalowesha turubai kwenye maji ya sabuni ya mche, wanalikausha kidogo, kisha wanalitia kwenye maji ya shabu, ile ile mnayoijua kwa vinyozi. Sabuni na shabu vikikutana ndani ya uzi vinageuka kitu cha mafuta kisichoyeyuka majini, kinabaki humo kikiyafukuza maji. Kwa hiyo sabuni ninayoitukana tangu asubuhi inaweza kuwa dawa ikioa vizuri. Nimeijaribu kwenye mabegi na aproni, inafanya kazi, ila haidumu kama ya kopo, na kwa hema zima ungehitaji mapipa na vijana wasiochoka.

Nta ya nyuki, ndiyo, kwa mishono. Unaisugua juu ya mshono, unaipasha kwa kiganja mpaka izame. Lakini mtu asije akapaka hema zima nta. Linakuwa zito, linakosa kupumua, wageni wanaamka wamelowa kwa pumzi zao wenyewe, na moto ukilifikia litawaka kama mshumaa, kwa sababu litakuwa mshumaa kweli.

Vitu vidogo nitavipita mbio. Zipu, mswaki mkavu kutoa mchanga, kisha kipande cha mshumaa; usitie mafuta ya kupikia, yanashika vumbi. Kamba za katani na za pamba hufupika zikilowa, kwa hiyo zilegeze kidogo mvua ikija la sivyo zitang'oa vigingi au zitachana masikio ya hema. Za nailoni hufanya kinyume, zinalegea, unaamka usiku kuzikaza. Vigingi vya chuma visilale na hema kwenye mfuko mmoja hata siku moja, kutu yake inatoboa. Tundu dogo lizibe leo, kwa kiraka cha pamba juu ya pamba, kilichokatwa pembe za mviringo maana pembe kali hubanduka, na kama una cherehani tumia sindano namba 18, ya nguo itakatika. Plasta za kunata zinaacha gundi ambayo mimi nahangaika nayo saa nzima, na saa hiyo naiweka kwenye bili yako.

Sasa stoo, nyumba ya mauti niliyoanza nayo.

Mnakumbuka Mei 2020, Mto Nyamwamba ulipofurika. Tulikuwa tumeshaona mafuriko yake mwaka 2013, lakini mtu hazoei. Majirani walikuwa nje na watoto. Shule moja, siitaji, ilikuwa na mahema ya skauti stoo, watu wakasema Mungu ni mwema, yaleteni. Nilikuwepo tulipoyafungua. La kwanza lilisimama. La pili, tulipolivuta kamba, paa lilifunguka kutoka upande mmoja mpaka mwingine, bila upepo. La tatu panya walikuwa wamezalia ndani. Mwalimu aliyekuwa na funguo alishika kichwa. Hakuwa mtu mzembe. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hema linalolala linahitaji kuangaliwa kuliko linalosimama. Usiku ule nilishona kwa tochi ya simu.

Basi nawaambia ninyi. Hema lisiguse sakafu wala ukuta. Tengeneza chanja ya mbao, hata paleti ya mizigo inatosha, upepo upite chini. Mchwa wanapenda pamba, na hawana haja ya mlango, wanapanda kutoka ardhini kimya kimya. Sisi tunawala kumbikumbi wao kila msimu, tena kwa furaha, kwa hiyo wakila mahema yetu sijui tutawashtaki wapi. Panya wanafuata harufu ya chakula, basi sukari iliyomwagika na makombo yatoke kabla ya kukunja. Usilifunge kwenye kaveera, mfuko wa plastiki. Najua kaveera linaonekana kama linalinda, lakini hata unyevu kidogo uliobaki unafungiwa humo na ukungu. Tumia mfuko wa kitambaa, ulegee kidogo. Kila mara unapolikunja, likunje kwa mstari tofauti na wa mara iliyopita, kwa sababu mkunjo ule ule ukirudiwa miaka mitatu unakuwa ufa. Na mara moja kwa mwezi mtu alifungue, alinuse, aandike tarehe kwenye karatasi ukutani. Karatasi hiyo wengi wanaijaza siku moja kwa miezi sita yote, kwa kalamu moja na mwandiko mmoja. Mimi huitazama kalamu kwanza.

Nani ashike kazi hii? Hapa natofautiana na wenye kambi wengi. Wanampa mgeni wa kazi, kijana wa mwisho kuajiriwa, kwa kuona ni kazi ya kukunja tu. Mimi ningempa mkongwe, na ningempa ruhusa ya kumwambia meneja, "Hema hili haliondoki leo, bado bichi," na meneja akae kimya.

Nilikuwa na mengine, lakini nimechungulia dirishani na mawingu yameanza kushuka kutoka mlimani. Hema tuliloliwekea maji asubuhi liko uani, na kwa saa hizi uso wake utakuwa umekauka. Upindo sijui. Twendeni nje kabla mvua haijaamua kwa niaba yetu. Afande, chukua ile brashi. Mwalimu, wewe njoo na shavu lako.